Mkojo wa ng'ombe mbele ya tribunali: namna Ulaya ilijifunza kutafuta homoni mu nyama



Kila mara mtu anapofungua karto ya kuku wa frigo, hakukosi mwenye kusema: «Ile si kuku, ile ni homoni tupu.» Mwingine anamujibu kwamba nyama ya Wazungu inapimwaka mu labo, iko na karatasi yenye kashe. Wote wawili wanasema kwa nguvu, lakini hakuna anayeuliza swali ya tatu, ile inayotuhusu sisi watu wa agronomia: inapimwa namna gani, nani anachukua sampuli, na matokeo yake inaweza kusimama mbele ya mwamuzi ao hapana?

Swali ile iko na historia yake, na sehemu kubwa ya historia ile ilipitia Ubelgiji, inchi ambayo sisi Wakongo tunadhani tunaijua. Kuna hata mtu aliyeuawa juu yake. Nitaieleza kwa ufupi, kisha nitasema kwa nini naona inatugusa.

Mwanzo ni dawa moja inayoitwa DES, dietilistilbestroli. Charles Dodds na wenzake waliitengeneza Uingereza mu 1938. Inafanya kazi kama homoni ya kike, lakini ni ya kutengenezwa mu labo, bei yake chini sana, na mtu anaweza kuimeza tu bila sindano. Waganga waliwapa wanawake wenye mimba, wakifikiri inazuia mimba kutoka. Wafugaji wa Marekani nao wakaichukua: mu 1947 ilianza kuwekwa chini ya ngozi ya kuku, na mu 1954 ikaruhusiwa mu chakula cha ng'ombe, kisha utafiti wa Wise Burroughs kule Iowa. Ng'ombe aliongeza kilo haraka na chakula kidogo. Kwa mwenye ng'ombe 1000, ile ni feza mingi.

Kwa kuku, Marekani iliikataza mu 1959, na mpaka leo hakuna homoni ya kukuza iliyoruhusiwa kwa kuku kule. Kwa ng'ombe iliendelea. Kisha mu 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston wakaonyesha kansa ya uke isiyo ya kawaida kwa wasichana wadogo ambao mama zao walimeza DES wakati wa mimba. Tuseme vizuri hapa: wasichana wale waliipata kupitia dawa ya hospitali ambayo mama zao walimeza, hawakuipata mu nyama. Lakini tangu siku ile, hakuna mtu aliyeweza tena kusema kwamba kidogo ya DES haina neno. Serikali ya Marekani ilijaribu kuikataza mu 1972 na 1973, tribunali ikavunja uamuzi ule mu 1974, na mwisho ya mwisho ikakatazwa kabisa mu 1979.

Mwaka uliofuata moto ukawaka Ulaya. Mu 1980, Italia walikuta DES mu vyakula vya watoto vyenye nyama ya ndama. Vyama vya walaji vya Ufaransa vikaomba watu waache kununua nyama ya ndama, na watu wakaacha kweli. Bei ikaanguka. Wakubwa wa Jumuiya ya Ulaya walisukumwa na njaa ya wachinjaji na hasira ya wamama kuliko na vitabu vya wanasayansi. Mu 1981 ikatoka direktivu ya kwanza, na mu 1985 ikatoka ingine ya kukataza homoni zote za kukuza wanyama. Uingereza ikapeleka ile ya pili mu tribunali ya Ulaya, nayo ikavunjwa mu Februari 1988 kwa sababu ya namna ilivyopitishwa. Wakaipitisha upya mwezi uliofuata. Tangu 1 Januari 1989, nyama ya wanyama waliopewa homoni kutoka inje nayo ikafungiwa mlango.

Marekani na Kanada hawakukubali. Mu 1995, kule Roma, inchi wanachama wa Codex Alimentarius walipiga kura ya siri juu ya kiasi cha homoni kinachoruhusiwa mu nyama: 33 walisema ndiyo, 29 walisema hapana, 7 hawakuchagua. Mu 1998 Shirika la Biashara la Dunia likasema kwamba Ulaya haikuonyesha vizuri utafiti wa hatari ambao unasimamisha katazo lake. Mu 1999 Marekani ikaruhusiwa kuweka ushuru wa azabu kwa bizaa za Ulaya, dola milioni 116,8 kwa mwaka. Ulaya ikashikilia katazo lake hata hivyo.

Haya ni mambo ya wakubwa. Lakini muangalie vile inavyokuwa chini, ku machinjio. Sheria inasema: hapana homoni. Munganga wa mifugo anasimama mbele ya ng'ombe 60 waliofika asubuhi. Wote wana mwili, wote wana mkojo. Ni nani aliyepigwa sindano? Macho haioni. Njo pale labo inaingia.

Na labo inatafuta kitu kidogo sana. Homoni mu mkojo inahesabiwa kwa mikrogramu kwa lita. Mikrogramu 1 kwa lita ni sawa na kuchukua gramu 1, kuitupa mu lita milioni 1 za maji, yaani tanki 50 za lita 20.000, kisha kuomba mtu akuonyeshe kama ile gramu ilitupwa. Mara nyingine wanatafuta hata chini ya hapo.

Njia ya kwanza iliyotumiwa sana Ubelgiji ilikuwa ya kibao cha kioo. R. Verbeke wa Gent aliiandika mu 1979. Wanasafisha mkojo ao nyama, wanabakisha maji kidogo sana yenye homoni, wanadondosha tone ku kibao kilichopakwa unga mweupe mwembamba, na wanasimamisha kibao mu dawa ya maji. Maji inapanda, inabeba kila kitu kwa mwendo wake. Kisha wanamwagia asidi na wanatazama chini ya taa ya ultravioleti. Doa linawaka. Mahali doa lilipofika na rangi yake njo vinaonyesha ni homoni gani. Njia hii haiombi mashine ya bei kali, lakini inaomba jicho la mtu aliyezoea.

Njia ya pili ilitoka kwa Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani, walioanza kuieleza mu 1959. Yalow alipata tuzo la Nobel juu yake mu 1977, Berson alikuwa amekwisha kufa. Hapa wanatumia kingamwili, ile askari ya damu inayoshika kitu kimoja. Wanachanganya homoni yenye mionzi na ile ya sampuli, zote zinashindania nafasi ku kingamwili. Ikiwa sampuli iko na homoni mingi, ile ya mionzi inakosa nafasi, na chombo kinahesabu. Inaona kidogo sana, na inapima sampuli mingi kwa siku moja. Ubaya wake ni kwamba kingamwili inaweza kushika ndugu ya homoni, kitu kinachofanana nayo tu. Mwenye ng'ombe akileta avoka mzuri, avoka anauliza: «Muko na hakika ni yenyewe?» Na mtu wa labo anabaki kimya.

Njo maana ikaja njia ya tatu: spektrometri ya masi. Kwanza vitu vinatenganishwa, kimoja kimoja. Kisha molekuli inavunjwa na vipande vyake vinapimwa uzito. Kila molekuli inavunjika kwa namna yake. Na Ulaya haikuachia kila labo ijisemee tu «nimeiona». Mu 2002 iliandika hesabu ya alama: ili useme kwamba kitu kilichokatazwa kimepatikana, unahitaji alama 4. Kwa mashine zinazovunja mara mbili, molekuli mama inakupa alama 1, kila kipande mtoto kinakupa 1,5. Mama na watoto wawili, inafika 4. Mama na mtoto mumoja, ni 2,5 tu, na mtu hahukumiwi. Mu 2021 sheria mpya ilipandisha hadi 5, ikihesabu pia alama ya kutenganisha.

Ndugu zangu, hesabu hii ya alama naona njo moyo wa historia yote. Labo ya kwanza, ile ya kuchuja, inauliza: kuna kitu cha kushuku? Labo ya pili, ya kuhakikisha, inauliza: naweza kuapa? Ni maswali mawili tofauti. Watu wengi, hata wenye lisansi, wanachanganya zote mbili.

Wadanganyifu nao hawakulala. DES ilipotafutwa kwa nguvu, waliiacha na kuchukua zingine. Walichanganya homoni nyingi mu sindano moja, kila moja kidogo sana, ili kila moja ipite chini ya nguvu ya macho ya labo. Wakaguzi wakaanza kutafuta alama za sindano ku nyama yenyewe, kukata kipande pale na kukipeleka. Wengine walitoka mu homoni wakaingia mu klenbuteroli, dawa ya pumu inayopunguza mafuta na kuongeza nyama. Mu 1990, kule Hispania, watu 135 waliugua kisha kula maini ya ng'ombe: kutetemeka, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma. Klenbuteroli inabaki mu maini, na zaidi tena mu jicho. Njo kusema labo zilijifunza kuomba jicho la ng'ombe.

Sasa tuje kwa mtu aliyeuawa. Karel Van Noppen alikuwa munganga wa mifugo, mkaguzi wa leta mu sehemu ya Antwerpen. Kazi yake ilikuwa kufika ku machinjio na kwa wafugaji, kuchukua sampuli, kufunga dosie. Hakukubali kufumba macho. Tarehe 20 Februari 1995 alipigwa risasi karibu na nyumba yake, mu kijiji cha Wechelderzande, akafa. Mu 2002, tribunali ya Antwerpen ikawahukumu watu wanne. Mumoja wao alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Mu 2011 filamu ya Michaël Roskam, Rundskop, ikatoka katika dunia hiyo ya homoni, na watu wengi wa inje njo walisikia mambo haya kwa mara ya kwanza.

Muangalie vizuri: Ubelgiji wa 1995 ulikuwa na sheria tayari. Ulikuwa na labo nzuri, Gent ilikuwa inajulikana mu Ulaya yote kwa kazi hii. Kilichokosekana ni ulinzi wa mtu anayebeba chupa kutoka machinjio mpaka labo. Kisha kifo chake, wakaguzi, polisi na parke walianza kufanya kazi pamoja kwa nguvu zaidi. Shamba lililokamatwa na homoni lilipewa alama ya H kwa wiki 52: wanyama wake wanafuatwa kwa karibu, na bei ya kuwapima inamwangukia mwenyewe. Kisha dioksini ilipoingia mu chakula cha kuku mu 1999, Ubelgiji ukaunda mu 2000 wakala mumoja wa usalama wa chakula, AFSCA, kuchukua kazi zilizokuwa zimetawanyika.

Lakini kuna upande mwingine ambao hausimuliwi sana, na mimi njo unaonivuta zaidi. Labo inaweza pia kumtesa mtu asiye na kosa.

Mfano wa kwanza ni thiourasili. Dawa hii inazuia tezi ya shingo, mnyama anabeba maji mingi mu mwili, kilo zinapanda ku mizani, mnunuzi analipa maji kwa bei ya nyama. Imekatazwa. Kwa miaka, kuikuta mu mkojo ilikuwa ushahidi. Kisha vyombo vikawa vikali zaidi, na kidogo cha thiourasili kikaanza kuonekana kwa wanyama ambao hakuna mtu aliyewagusa. Kumbe ukimlisha ng'ombe mimea ya jamaa ya shu, inaweza kutokea yenyewe mu mwili wake.

Mfano wa pili ni zeranoli, mojawapo ya homoni sita ambazo Ulaya na Marekani zinagombania. Muhindi uliooza kwa kuvu inayoitwa Fusarium unatoa sumu inaitwa zearalenoni, na ndani ya ng'ombe sumu ile inaweza kugeuka kuwa zeranoli. Kwa hiyo mfugaji aliyeanika muhindi vibaya anaweza kuonekana mu labo kama mwizi. Mtu wa labo anapaswa kutafuta na ndugu zote za sumu ile mu mkojo uleule, aone kama zinatoka ku kuvu ao ku sindano.

Ya tatu ni homoni za asili zenyewe. Kila ndume iko na testosteroni. Nandroloni inapatikana bila sindano kwa nguruwe dume. Hapo kuiona hakutoshi, unapaswa kujua inatoka wapi. Labo kama LABERCA ya Nantes, Ufaransa, zilifanya kazi kubwa ku njia ya kaboni 13. Homoni ya kiwanda inatengenezwa mara nyingi kutoka mimea kama soya, ambayo iko na kaboni 13 kidogo. Homoni ya mnyama inafuata chakula chake. Zikitofautiana kupita kiasi ndani ya mnyama mumoja, kuna kitu kiliingizwa. Inaweza kushindwa ikiwa mnyama alilishwa mimea ya namna ileile ya soya, njo maana hata njia hii inaomba akili ya mtu anayejua chakula cha mifugo. Yaani agronomu.

Turudi basi kwa karto yetu ya kuku. Kuku wa nyama anafika kilo 2 mu wiki tano ao sita kwa sababu ya uzao uliochaguliwa kwa miaka mingi, chakula kilichopimwa, joto na dawa za magonjwa. Homoni haihitajiki pale. Kwa hiyo ndugu anayesema «homoni tupu» anakosea mnyama. Lakini na yule anayesema «iko na karatasi» naye hajajibu. Karatasi ni mwisho wa mnyororo. Kashe ya Antwerpen ya mwaka 1994 ilikuwa kashe kweli, na nyuma yake kulikuwa sindano.

Kwetu mara nyingi tukisema shida ya kupima, jibu ni moja: «Hatuna mashine.» Ni kweli. Ku fakilte yetu kromatografia tuliisoma ku tablo, chombo chenyewe tulikiona ku picha. Lakini historia hii inaonyesha kwamba mashine ilikuja nyuma. Gent ilianza na kibao cha kioo na taa. Kilichotangulia ni kanuni: sampuli ikatwe mbili, moja ibaki imefungwa kwa ajili ya mwenye mnyama akitaka kupimisha kwingine, kuchuja kusichukuliwe kama kuhakikisha, anayechukua sampuli asile kwa anayepimwa.

Kanuni hizi tunaweza kuanza nazo leo, kwa kitu kilicho karibu na sisi kuliko homoni: antibiotiki mu maziwa na nyama. Mfugaji anadunga ng'ombe oksitetrasiklini asubuhi, jioni maziwa iko sokoni. Kuna kipimo rahisi cha bakteria mu chupa ndogo. Unaweka maziwa, unapasha joto kwa digrii 64 masaa machache. Bakteria wakiishi, rangi inageuka. Wakifa, rangi inabaki, na unajua kuna dawa. Haiombi spektrometri. Inaomba joto linalosimama, mtu aliyefundishwa, na mshahara unaofika kila mwezi ili mtu ule asinunuliwe kwa dumu ya maziwa.

Siandiki hii ili tuogope nyama. Naandika kwa sababu wengi kati yetu tutakuwa siku moja mkaguzi, mtu wa labo, ao mshauri wa yule anayeweka sahihi. Siku ile kutakuwa mfanyabiashara mwenye haraka upande mumoja, na mfugaji mwenye muhindi uliooza upande wa pili. Wa kwanza atataka usione kitu. Wa pili atakuwa na hofu kwamba umeona kitu ambacho hakipo. Lisansi yetu inapaswa kutusaidia kutenda haki kwa wote wawili, na leta inapaswa kututuma tukiwa na ulinzi. Van Noppen alitumwa bila ule ulinzi.

Kwa wale kati yenu wanaofanya kazi ku mipaka, ku machinjio ao ku labo: kwenu sampuli inakatwaka mbili? Na nani anaitunza ile ya pili?